Binti yangu aliulizwa chakula cha kwao, akajibu viazi vya kukaanga

Jambo Yaya, dada yangu mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Katuba. Mkubwa ni msichana wa miaka 7, mdogo ni mvulana wa miaka 4. Wazazi wangu walikuwa Waluba wa Kasai. Baba alifuata kazi ya mgodi, nami nikazaliwa hapahapa Lubumbashi, kambini. Mume wangu kwao ni Kasenga, kando ya mto Luapula, watu wa Kibemba. Sisi wawili tunaongea Kiswahili, na watoto shuleni ni Kifaransa tangu asubuhi mpaka wanaporudi.

Mwezi uliopita shule yao ilifanya siku ya utamaduni. Kila mtoto alisimama mbele ya wenzake akataja chakula cha kwao. Zamu ya binti yangu ilipofika, akasema viazi vya kukaanga na kuku. Darasa lote likacheka. Mwalimu naye akacheka, akamwuliza kama kwao ni Ulaya. Mtoto alirudi akakaa kwenye ngazi bila kuvua viatu. Nilimwita hakuitika. Nilipomfuata aliniuliza: "Mama, kwetu ni wapi?"

Yaya, sikuwa na jibu. Nilimwambia aingie ndani akaoge.

Jumamosi iliyofuata nilidamka kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, nikanunua sombe (majani ya muhogo) mafungu matatu, mawese, samaki mkavu, kila kitu. Nikaazima kinu na mchi kwa jirani. Nikawaketisha watoto kwenye mkeka nikaanza kuwaeleza: hiki ndicho chakula cha babu zenu, inapaswa mkijue, mtu asiyejua chakula cha kwao amepotea. Sijamaliza, mdogo ameshakimbilia mpira. Mkubwa alibaki, nadhani kwa kuniogopa. Nikampa mchi. Ulikuwa mrefu kumpita yeye mwenyewe. Alitwanga mara tatu, maji ya majani yakamrukia jichoni, akaanza kulia. Mimi kwa uchovu nikamgombeza. Sombe tuliila kimya, na yeye hakuigusa.

Mama mkwe wangu, anayekaa nasi tangu mwaka jana, alikuwa ameketi mlangoni anatazama yote. Hakusema kitu mpaka jioni. Halafu akasema: "Utawafundisha nini, na wewe mwenyewe bukari unachanganya?" Bukari ndio ugali wetu. Kwetu Kasai tunauita bidia, na tunausonga kwa unga wa mahindi na wa muhogo pamoja, ndivyo nilivyomwona mama akifanya. Yeye anauita ubwali, na anasema ubwali wa kweli ni wa muhogo mtupu. Mume wangu akamalizia kwamba msichana nimfundishe, sawa, lakini mvulana nimwache, asije akazoea kukaa jikoni.

Na kuna jambo moja naliandika kwa shida. Mimi mwenyewe sijui. Mama alifariki nikiwa na miaka 9, nikalelewa na baba na kaka zangu. Tshiluba naisikia, lakini nikiisema watu wanacheka. Vyakula vya kwetu navijua viwili vitatu. Nitawapa watoto kitu gani ambacho mimi sikupewa? Na nianze wapi bila kugombana na mama mkwe?

Mama wa wawili, Katuba

*

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale kwenye ngazi, kwa mtoto aliyekaa na viatu miguuni. Tuanze na yeye, kwa sababu anadaiwa radhi na watu wazima. Aliulizwa akajibu ukweli, akataja chakula anachokipenda. Kosa si lake. Nenda umwone mwalimu wake, si kwa ugomvi. Kaa naye chini, umweleze mtoto alivyorudi siku ile. Mwalimu mwenye moyo atalirekebisha mwenyewe mbele ya darasa. Hilo lifanye wiki hii.

Sasa Jumamosi yako. Nataka uniamini ninapokwambia kwamba watoto hawakuukataa utamaduni wao. Ulichowapa ni maneno na mchi, na vyote viwili viliwazidi kimo. Mwulize mama mkwe wako nani alimfundisha kupika. Sidhani atakwambia kuna siku aliketishwa kwenye mkeka akaelezwa mambo ya mababu. Atakwambia alikuwa mtoto wa kufukuza kuku kwenye muhogo ulioanikwa, au wa kuleta chumvi, au wa kupepea moto. Alikuwa na kazi, na kazi ile ilikuwa ya kweli: asipofukuza kuku, muhogo umeliwa.

Mimi nilikulia Kamalondo, na kazi yangu ilikuwa maji. Kabla ya kula, nilizunguka na beseni na birika, nikiwamiminia watu mikononi. Sikumbuki mtu alinieleza adabu hata siku moja. Lakini nilijua naanza na nani na namaliza na nani, nilijua kupiga goti mbele ya mgeni mzee, nilijua kwamba shangazi aliyegombana na baba yangu anamiminiwa maji sawasawa na wengine, na kwamba mtu akinawa kwa haraka ana njaa, basi mama aarifiwe aongeze bukari. Nilikuwa na miaka 5 hivi. Kila mtu alisubiri maji yangu, na nilijisikia mkubwa kuliko nyumba yetu.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kimoja: kila mtoto mpe kazi moja ambayo ni yake, ndogo kiasi cha mikono yake, na ambayo chakula hakiendi mbele bila yeye. Irudie kila wiki. Hadithi, majina na lugha vitakuja vyenyewe mikono ikiwa na shughuli, maana mtoto anayefanya kazi huuliza, na aliyeuliza husikiliza jibu.

Turudi kwenye sombe ileile iliyowaliza. Siku hizi sokoni inauzwa imeshasagwa kwa mashine, na siku za kazi nunua hiyo, hakuna aibu. Siku ya watoto chukua yenye mabua. Kazi ya mtoto wa miaka 4 ni kuchambua: ashike bua kwa mkono mmoja, avute jani kwa mwingine, tak, jani kwenye beseni, bua pembeni. Wanaipenda sauti ile. Mabua mekundu yaliyobaki msichana anaweza kuyavunja vipande vinavyoning'inia kwa ngozi, ukawa mkufu. Sisi tulifanya hivyo sote, na sijui aliyetufundisha. Mchi mwachie mtu mzima. Mtoto akitaka kutwanga, aushike chini ya mikono ya kambo yake, yaani bibi yake, watwange pamoja, na kinu kifunikwe kitambaa kisirushe. Mfundishe pia kwamba jani hili bichi haliliwi hata kidogo, kwa sababu lina sumu ya sianidi inayotoka kwa kupondwa na kuchemshwa muda mrefu, mwanzoni sufuria ikiwa wazi ili mvuke upotee. Mtoto wa miaka 7 akielewa kwamba bibi zake waliweza kuifanya sumu kuwa mboga, kwa kinu na moto na subira, amejua kitu kikubwa juu ya watu wake.

Na wakiwa wanachambua, waulize jani hili linaitwaje. Sisi hapa tunasema sombe. Kambo yao kwa Kibemba atasema katapa. Kwenu Kasai ni matamba. Mtu wa Kinshasa akipita atasema pondu, na huko Tanzania ni kisamvu. Jani ni lilelile. Waache wayaimbe majina hayo wanavyotaka, wayatungie wimbo wao. Binti yako akirudi darasani na majina matano ya jani moja, sidhani kama kuna atakayecheka.

Lakini sombe ina kazi nyingi. Kama unataka kuanza na kitu chepesi zaidi, anza na karanga. Kaanga karanga kavu wewe mwenyewe, zipoe kabisa, wape watoto wazisugue viganjani na kupuliza maganda. Uani, si ndani. Halafu zipondwe kwenye kinu kidogo cha kitunguu, ziingie kwenye lengalenga (mchicha) au matembele. Kwa Wabemba mboga ya karanga ni chakula cha heshima, mama mkwe wako ana neno lake nayo: ifisashi. Angalia tu huyo mdogo: chini ya miaka 5 karanga nzima inaweza kumkaba kooni, hasa akiwa anatafuna huku anakimbia. Apate iliyopondwa.

Sasa hilo la bukari, ambalo naona ndilo linalokuuma kuliko yote.

Mama mkwe wako hajakosea. Luapula ni nchi ya muhogo, na kwake ubwali wa muhogo ni kwao kwenyewe. Wewe pia hujakosea. Wanawake wa Kasai huchanganya mahindi na muhogo na wanajua wanachokifanya: mahindi yanaupa mwili, muhogo unaufanya ushikane. Na jirani yako wa upande wa pili, bila shaka, anasonga mahindi meupe matupu, kwa sababu huo ndio bukari wa mji huu. Mji wetu ulianza mwaka 1910, reli ikafika kutoka kusini mwaka huohuo, na kampuni za mgodi ziliwagawia wafanyakazi posho ya unga wa mahindi. Mwaka 1928 reli ya kampuni ya BCK ikaunganisha Katanga na Ilebo, kule Kasai. Watu wakashuka hapa kutoka pande zote, kila mmoja na mkono wake wa kusonga, na wakakutana kwenye Kiswahili hiki tunachoongea. Baba yako alikuja katika njia hiyo. Hadithi hiyo yote imo ndani ya sufuria yako, mdogo wangu, na wewe unaionea aibu.

Tena nikwambie kitu ambacho kitapoza maneno kati yenu: muhogo na mahindi vyote viwili si vya asili hapa. Vilitoka Amerika, vikaletwa na meli za Wareno, na karanga vilevile. Kabla yake mababu wa pande zote mbili walisonga mtama na ulezi. Hilo usimtupie mama mkwe usoni kama ushindi. Mwulize kwa upole kama kambo yake mwenyewe aliwahi kumsimulia ubwali wa ulezi, wa rangi ya udongo. Wazee wengi wa Kibemba wana simulizi hiyo, na wanafurahi mtu akiwauliza.

Halafu siku moja fanyeni bukari tatu ndogo, za kikombe kimoja kimoja cha unga: wa muhogo anausonga kambo, wa kuchanganya unausonga wewe, wa mahindi mwite jirani au mume wako. Watoto wasiusogelee moto. Kazi yao ni baadaye. Bukari ukishapoa kidogo, kila mmoja akate tonge la kila aina, alivingirishe kiganjani, abonyeze kwa kidole gumba lipate kishimo cha mchuzi. Watagundua wenyewe. Wa mahindi una chembechembe na unakatika ukiuvuta. Wa muhogo unang'aa na kunyooka, unaacha kiganja kikinata. Wako uko katikati, unavutika kidogo kisha unakatika. Wafumbe macho, waguse, wataje ni upi wa nani. Usiwaulize upi ni mtamu. Waulize tu huu ni wa nani, na wajibu: huu wa kambo, huu wa mama. Mtoto aliyeushika ubwali wa kambo yake akaujua kwa vidole, swali la "kwetu ni wapi" limeshaanza kupata jibu mkononi mwake.

Huko Malawi bukari wanauita nsima, na mwaka 2017 UNESCO iliuandika katika urithi wa utamaduni wa binadamu. Si jiwe wala jumba, ni namna ya kusonga na kula pamoja, na namna watoto wanavyojifunza tangu wadogo. Mwambie na mume wako, labda atautazama mwiko kwa jicho lingine.

Naye tumjibu. Anaogopa mvulana asije akazoea jiko. Mwulize mama yake, mbele yake, swali hili moja: wanaume wa Kasenga wanapokwenda kambi ya uvuvi, wakakaa huko siku na siku, nani anawapikia? Ataanza kucheka kabla hajajibu. Wanajipikia wenyewe. Wanawasha moto, wanasonga ubwali, wanachemsha samaki kwa chumvi na pilipili. Mvulana wa Luapula asiyejua kusonga atalala njaa kando ya samaki. Mume wako mwenyewe huenda ana kitu alichopikiwa na baba yake huko. Mwombe akipike Jumapili moja na mwanawe akiwa karibu, akimpitishia nyanya. Usimlazimishe aitwe mwalimu. Apike tu.

Nimeiacha nyuma ile ninayoipenda kuliko zote, na ambayo ningekushauri uanze nayo kama una nafasi ya jambo moja tu. Ni munkoyo, kinywaji cha uji wa mahindi unaotiwa mizizi.

Mizizi yake inauzwa sokoni kwa mafungu, mikavu au mibichi, ya rangi ya kahawia yenye nyuzi. Nunua kwa mama anayejulikana kwa kazi hiyo. Usiruhusu mtu akuchimbie porini mizizi asiyoijua. Nyumbani osha vizuri kwa maji safi. Watoto waiweke juu ya jiwe, waipige kwa mpini wa mwiko mpaka ipasuke nyuzinyuzi. Hiyo ni kazi ya mvulana wako wa miaka 4, kupiga kitu bila kugombezwa. Wewe pika uji wa mahindi mzito, wa kusimamisha mwiko. Kama unapika kwa mbabula, lile jiko la makaa, iweke uani, chora duara la chaki kuizunguka kwa hatua mbili, na sheria iwe moja: ndani ya duara anaingia mtu mzima. Usiiingize mbabula chumbani hata mvua ikinyesha. Moshi wake usioonekana unaua.

Uji ukiiva, uteremshe. Mwite binti yako akoroge akiwa amesimama upande wako, mwiko uko mkononi mwake na mkono wako juu ya wake. Asikie ulivyo mzito, ulivyogoma. Usubiri upungue moto, hadi uweze kugusa ubavu wa sufuria bila kuondoa mkono haraka. Uji unaochemka utaharibu nguvu ya mizizi, uji wa baridi hautaiamsha. Kisha tia zile nyuzi, korogeni, funikeni. Waambie wakacheze, na kila baada ya muda waje kukoroga.

Mara ya kwanza mwiko ni mzito bado. Mara ya pili unateleza. Kabla saa moja haijaisha, ule uji uliosimamisha mwiko umekuwa maji maji, unamwagika kama maziwa, na hakuna aliyeongeza hata tone. Nimewaona watoto wakiinama juu ya sufuria na midomo wazi. Waonje: uliokuwa hauna ladha umekuwa mtamu, na sukari hukutia. Ndani ya mizizi ile kuna vimeng'enya vinavyoukata wanga wa mahindi vipande vidogo vidogo mpaka unakuwa sukari. Binti yako ana miaka 7, anaweza kulielewa hilo. Na aelewe kwamba wanawake wa nchi hii waliujua mzizi huo, kati ya mizizi yote ya msituni, na wakajua ni wakati gani wa kuutia.

Kwa watoto mimi huchuja nyuzi kwa kichujio safi, nikauchemsha tena, nikauacha upoe, wakanywa siku ileile. Unabaki mtamu na hauleti tumbo. Mama mkwe atataka wake ulale usiku kucha uchachuke kidogo. Mtengee chupa yake. Ukikaa siku kadhaa unapata ukali wa pombe, huo si wa watoto.

Sasa ona jambo hili. Munkoyo ni kinywaji cha huku, mama mkwe wako anaujua kuliko wewe. Kwa hiyo usimwombe ruhusa, mwombe mkono. Mwambie: "Mama, mimi sikukulia kwenye munkoyo, nifundishe pamoja na watoto." Sema hivyohivyo, watoto wakisikia. Najua ni vigumu, hasa baada ya yale maneno ya jioni. Lakini mzee anayekaa mlangoni akitazama, anayesema kwa ukali mambo yakishaharibika, mara nyingi ni mtu aliyekuwa anangoja kuitwa. Huko kwao alikuwa na shamba, na watu walimfuata kuuliza. Hapa Katuba nani anamwuliza kitu? Chikanda, chakula cha mizizi ya okidi iliyopondwa, asipendekeze kwanza, ni kazi ndefu na mizizi hiyo inazidi kuadimika porini kwa kuchimbwa mno. Anzeni na munkoyo.

Mwisho ni hilo uliloliandika kwa shida. Nililisoma polepole.

Unasema hujui. Ulikuwa na miaka 9 mama alipoondoka, yaani ulikuwa mkubwa kuliko binti yako alivyo leo. Miaka 9 ni mingi jikoni. Bidia unachanganya, nani alikuonyesha? Uliandika mwenyewe: ndivyo nilivyomwona mama akifanya. Mkono wako umemkumbuka. Jioni moja watoto wakilala, kaa peke yako ufumbe macho, utafute harufu: kulikuwa na nini kwenye sufuria siku baba alipopata mshahara? Mama alikaa upande gani wa moto? Alikuwa anakupa nini ukiwa mgonjwa? Kitu kimoja kitakuja. Kipike hicho, hata kikitoka vibaya, na waambie watoto: hiki alikuwa anapika kambo yenu ambaye hamkumwona. Usilie usipotaka, lakini ukilia mbele yao si vibaya.

Yaliyobaki yatafute kwa walio hai. Lazima kuna shangazi Mbuji-Mayi au Kananga, au mama wa kanisani mliyetoka naye upande mmoja. Mwombe akutumie sauti kwa simu akieleza namna anavyopika matamba, kwa Tshiluba, polepole. Watoto wasikilize huku wakichambua. Hawataelewa yote, nawe hutaelewa yote, na mtaulizana. Wanaokucheka ukiongea waache wacheke. Wanao hawatakucheka, watakuiga. Mkimaliza kula, mdogo amwambie kambo natotela, mkubwa akwambie wewe tuasakidila. Ni maneno mawili ya kushukuru, yanatosha kwa mwezi mzima.

Na Ijumaa usipange mambo mengi. Pitia soko ukirudi kazini, nunua fungu moja la mizizi, liweke juu ya meza ya jikoni bila kusema ni la nini. Mvulana ndiye atakayeuliza kwanza. Mjibu: "Sijui vizuri, nenda kamwulize kambo."

Yaya